Sarafu ya Mzee Manasseh

Inspekta aliizungusha sarafu mezani kwa kidole, kama mtoto achezaye pia, kisha akaiacha ilale yenyewe. Upande wa juu ulikuwa na mikono miwili iliyokinga mwali wa moto, na kuuzunguka mwali huo kulikuwa na maneno ya Kiingereza kuhusu haki za binadamu, pamoja na miaka miwili: 1948 na 1968.

"Umeiona, Angwenyi?"

"Nimeiona, afande."

"Dhahabu tupu. Chama cha mawakili wa ng'ambo kimetafuta Afrika nzima mtu aliyetetea haki za wanyonge, kikamwona mzee wa Marani. Nchi nzima imesikia. Kisha mkaza mwanawe anaiiba, inapatikana chumbani kwake, naye yumo humu ndani. Kesho anakwenda kwa hakimu. Sasa wewe wataka nini tena?"

Sajini Thadeus Angwenyi alivua kofia yake akaipakata. Alikuwa mtu wa Nyaramba, mrefu, mpole wa sauti, na katika kituo chote cha Kisii hakuna aliyewahi kumsikia akimkatiza mtu.

"Nataka kuona pale ilipokuwa."

"Ilikuwa chumbani kwake, nimekwisha kukwambia."

"Chumba kina mahali pengi, afande."

Inspekta alicheka. Alikuwa mtu wa pwani, mwepesi wa kufunga majalada, na tangu awasili huko milimani alikuwa hajazoea baridi wala watu wanaomjibu polepole.

"Haya. Chukua Landrover. Lakini jioni nataka mashtaka yake mezani, yameandikwa au yamefutwa. Sitaki kumpelekea hakimu mwanamke mwenye mtoto mchanga halafu nije niambiwe nilikosea. Na sitaki kumwachilia mwizi kwa sababu ana mtoto mchanga. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Kabla ya kutoka, Angwenyi alipita korokoroni. Nyanchera alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, akimnyonyesha mtoto aliyefungwa shuka. Alipomwona sajini alijifunika kifua.

"Mtoto ana homa bado?" Angwenyi aliuliza kwa Ekegusii.

"Imeshuka. Ndiyo iliyonitoa kanisani Sabato ile. Alilia mpaka mchungaji akashindwa kuhubiri. Nikarudi nyumbani nikamlaza."

"Ulipofika nyumbani ulimwona nani?"

"Sikumwona mtu. Boma lilikuwa tupu. Wote walikuwa kanisani."

"Mlango wako una kufuli?"

"Kufuli ya nini? Nina nini cha kuibwa?"

"Nani anayekuonea wivu?"

Nyanchera alimtazama kama mtu anayepima kama swali lina maana. "Uliza ni nani asiyenionea. Mume wangu na ndugu yake, mume wa Drusilla, wanafanya kazi pamoja huko Kericho kwenye chai. Wangu hunikumbuka. Baba mkwe tangu mkewe Esnah afariki anakula kwa zamu, leo kwangu, kesho kwa Drusilla. Siku moja akasema ugali wangu wa wimbi unamkumbusha marehemu. Alisema mbele ya watu. Tangu siku hiyo Drusilla hanisalimii."

"Ukifungwa itakuwaje?"

Alimvuta mtoto karibu zaidi. "Nitarudishwa kwetu Birongo, na baba yangu atadaiwa ng'ombe. Kerubo huyu atabaki kwao, yeye ni wa ukoo wao. Watamwachisha ziwa kwa maziwa ya ng'ombe, na akikua ataambiwa mama yake alikuwa mwizi."

Angwenyi alivaa kofia yake, akatoka.

*

Boma la Mzee Manasseh Onsongo lilikuwa kwenye mteremko mbele kidogo ya soko la Marani. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa ya mabati, imepakwa chokaa. Chini yake, zikitazamana kama majirani walionuniana, zilikuwa nyumba mbili za nyasi na udongo za wake wa wanawe: ya Drusilla kushoto, ya Nyanchera kulia. Nyuma ya nyumba ya Nyanchera kulikuwa na migomba iliyosongamana hadi karibu na ukuta.

Drusilla alikuwa akimenya ndizi mbichi mlangoni pake. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye macho mepesi, na alipoiona Landrover hakuinuka.

"Mmekuja kumchukulia nguo zake?"

"Nimekuja kukuona wewe, mama. Nasikia ni wewe uliyeipata sarafu."

"Nani mwingine angeipata? Mzee alikuja na wageni wake kutoka kanisani, akafungua kabati ya vioo awaonyeshe, akakuta mfuko haupo. Ijumaa jioni ulikuwepo. Akaita naibu wa chifu. Naibu wa chifu akasema nyumba zote zipekuliwe. Mimi nikaambiwa nipekue kwa Nyanchera, na mke wa naibu wa chifu akapekua kwangu. Kwangu hakupata kitu." Alilikata ganda la ndizi kwa mkazo. "Kwangu hakuna kitu cha kupata."

"Twende ukanionyeshe."

Ndani mlikuwa na giza na harufu ya moshi. Chumba cha kulala hakikuwa na dirisha. Drusilla aliwasha kibatari. Kulikuwa na kitanda cha mbao, na juu ya kitanda, usawa wa kichwa cha mtu mrefu, ilitandazwa dari ya fito iliyojaa magunzi, mahindi ya mbegu na vibuyu. Kila kitu huko juu kilikuwa cheusi kwa masizi.

"Nionyeshe ulivyopekua. Tangu mwanzo."

"Nilianza na vyungu. Kisha kapu la wimbi, nikamwaga lote. Kisha nguo. Kisha chini ya kitanda, na chini ya godoro."

"Kisha?"

"Kisha nikalala."

"Ukalala?"

"Kitandani." Drusilla alitazama kando. "Watu wanasema mumewe amemnunulia godoro la duka. Wanafanya kazi shamba moja na mume wangu, analipwa sawa na mume wangu. Nilitaka kujua lipoje."

Angwenyi hakucheka, ingawa alilazimika kujikohoza.

"Lipoje?"

"Ni laini," alisema Drusilla kwa uchungu wa mtu aliyefiwa. "Sasa nikiwa nimelala chali hivyo, nikatazama juu, kule mwisho wa dari, pale ukuta unapokutana na nyasi za paa. Nikaona kitu chekundu. Ule mfuko wa sarafu ni wa kitambaa chekundu. Nikasema, ahaa."

"Ukaushusha kwa mkono?"

"Haufikiki kwa mkono. Niliuvuta kwa mwiko mrefu wa ugali. Masizi yote yakanimwagikia usoni."

Angwenyi alitoa mfukoni kifuniko cha chupa ya soda. "Panda kitandani, ukiweke hiki pale pale mfuko ulipokuwa. Bila mwiko."

Drusilla alipanda. Alijinyoosha, akajipenyeza kati ya mahindi na ukuta, akapiga kelele kwamba anavunjika mbavu. Mkono wake uliishia mbali. Aliposhuka, mkono wake wote ulikuwa mweusi hadi kwapani, na juu ya masizi ya ile dari alikuwa ameacha mfereji mpana kama wa nyoka.

Sajini alikiinua kibatari akautazama mfereji huo. Kisha akautafuta mwingine. Aliupata ule wa mwiko, mwembamba, umenyooka kutoka ukutani. Hapakuwa na wa tatu. Kwingineko masizi yalikuwa yamelala vile vile yalivyolala miaka yote.

"Nyanchera ni mrefu kukupita?"

"Nyanchera? Ananifika begani."

"Kaa hapa hapa. Usitoke."

Alikichukua kifuniko mkononi mwake, akazunguka nyuma ya nyumba, akajipitisha kati ya migomba na ukuta. Hapo nyasi za paa zilikuwa zimeshuka chini, mtu wa kimo cha kawaida angeweza kuzishika bila kuinua kisigino. Sehemu moja mabua yalikuwa yamevunjika. Kwa nje yalikuwa ya kijivu kama nyasi nyingine, lakini palipovunjika palikuwa peupe, kama pamevunjwa majuzi. Angwenyi aliingiza mkono. Ulipita bila shida mpaka kiwiko, ukagusa kichwa cha ukuta. Akakiacha kifuniko cha chupa pale.

"Lala kitandani, mama!" aliita kupitia paa.

"Nimelala!"

"Unaona nini?"

Kisha sauti ya Drusilla ikaja, nyembamba: "Kiko pale pale."

Aliporudi ndani alimkuta amekaa ukingoni mwa godoro, mikono mapajani, na ule ukali wa mwanzo umemtoka.

"Nataka unisaidie kufikiri," Angwenyi alisema. "Tuseme ni wewe uliyeiba, unataka kumtia Nyanchera matatani. Ungeiweka wapi?"

"Sajini, mimi Sabato nilikuwa kwaya, watu wote waliniona..."

"Nimesema tuseme."

Drusilla alifikiri. "Chini ya godoro. Au kwenye wimbi. Nyumba hii naingia bila kubisha, hata tukiwa tumenuniana. Ninakuja kuchukua moto. Kwa nini nizunguke huko nyuma, nichanwe na migomba?"

"Na mwizi wa kutoka mbali?"

"Mwizi wa mbali ataiacha dhahabu hapa? Angekwenda nayo zake."

"Kwa hiyo ni mtu aliyetaka ipatikane humu ndani. Mlango hauna kufuli, boma ni tupu, hakuna wa kumwona. Hata hivyo hakuingia. Alikubali kuvunja paa, asikubali kuvuka kizingiti. Katika boma hili, mama, ni nani asiyeweza kuingia nyumba ya Nyanchera?"

Drusilla alifunika mdomo kwa mkono wake mweusi. Alipoutoa, alikuwa amebaki na alama ya vidole shavuni.

"Tata," alinong'ona, akimaanisha baba mkwe wao. "Tata haingii. Hata chakula tunamwekea mlangoni kwake. Ni chinsoni."

Angwenyi hakuhitaji kuelezwa. Kwao Nyaramba ilikuwa hivyo hivyo. Chinsoni ni ile haya ya heshima iliyowekwa kati ya mtu na mke wa mwanawe: hamshikani mikono, hamkai kiti kimoja, na baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mkaza mwanawe, hasa kule anakolala. Mtu anaweza kuacha pombe, akaacha matambiko, akabatizwa mtoni, na chinsoni isimtoke mwilini.

"Tata peke yake?"

"Na wale waliotahiriwa pamoja naye. Wote ni baba zetu."

"Wako wangapi wanaokuja hapa?"

"Siku hizi? Mmoja tu," alisema Drusilla.

*

Mzee Manasseh alimpokea sebuleni, chini ya picha kubwa iliyomwonyesha akiwa jukwaani Kisii, sarafu imeinuliwa juu, watu wakipiga makofi. Kabati ya vioo ilikuwa pembeni, rafu yake ya katikati tupu. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari ubavuni mwa kabati, mahali ambapo mgeni yeyote angeuona.

"Naona aibu, mwanangu," mzee alisema. "Mimi nimekaa korti ya wazee miaka yote ile nikitetea wajane, leo nyumba yangu inazalisha wezi."

"Sarafu ilifichwa wapi, mzee?"

"Chini ya kitanda, nadhani. Drusilla alitoka nayo mkononi akisema ameipata kitandani. Mimi ningejuaje kulivyo huko?"

"Sabato ulikuwa wapi?"

"Mbele ya kanisa, kwenye benchi la wazee wa kanisa, tangu asubuhi. Waulize."

Angwenyi alikuwa amekwisha kuuliza njiani. "Nieleze kesi iliyokuletea sarafu."

Uso wa mzee ulichangamka. Ilikuwa kesi ya mjane aliyeitwa Kemuma. Shemeji zake walitaka kumfukuza shambani ili walime pareto. Wakati ule ilikuwa kawaida mjane kunyamaza. Korti yao, yeye Manasseh akiwa mwenyekiti, iliamua kwamba Kemuma na watoto wake wabaki, na kwamba shemeji akigusa mpaka atafungwa. Hukumu ile ilisafiri. Mawakili waliisoma, wakaiandika kwenye vitabu vyao.

"Mlikuwa wazee wangapi?"

"Wengine wamefariki. Tumebaki mimi na Obadiah Mogaka, hapo ng'ambo ya kijito. Tulitahiriwa siku moja, kisu kimoja."

"Yeye alisema nini katika kesi hiyo?"

Mzee Manasseh alinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo.

"Alikubali," alisema.

*

Obadiah Mogaka alikuwa ameketi kwenye kigoda, akianika maua ya pareto juu ya mkeka. Alikuwa mwembamba na msafi, koti limefungwa vifungo vyote. Fimbo yake iliegemea goti.

"Mguu unaendeleaje, mzee? Nimeambiwa ulikukosesha kanisa."

"Mguu ni mzee kama mimi. Siku nyingine unataka, siku nyingine hautaki. Keti, mwana wa Nyaramba. Mmekwisha kumfunga yule binti?"

"Kesho anakwenda kwa hakimu."

"Ndiyo hivyo." Obadiah aligeuza maua kwa vidole. "Mtu anasifiwa mpaka Ulaya, nyumbani kwake hawezi kutawala wanawake wawili. Mtu wa haki! Sasa dunia itajua."

"Itajua nini?"

"Kwamba dhahabu haimjengi mtu."

"Wewe unaamini Nyanchera aliiba?"

"Si ilikutwa kwake? Au unadhani iliota mabawa? Tena aliificha kwa ujanja, juu ya ukuta, upande wa migomba. Mtu asiye na hatia hafichi hivyo."

Angwenyi aliokota ua moja la pareto lililokuwa limeanguka nje ya mkeka, akalirudisha katika safu yake. Kuku alipita, akafukuzwa na fimbo.

"Mzee, umewahi kuingia chumbani kwa Nyanchera?"

Obadiah alimgeukia kwa hasira ya kweli. "Unanitukana kwangu? Yule ni mke wa mwanangu! Mumewe Ombui alipooa si mimi niliyekwenda Birongo kuwahesabia ng'ombe? Nitaingia kwake nikatafute nini? Nyinyi wa polisi mmepoteza haya zote."

"Nisamehe, baba. Ni kazi. Sasa nisaidie. Drusilla alipopanda kuitoa, aliniambia ilikuwa juu ya kitanda, mwisho wa dari. Ndivyo anavyoona mtu aliye ndani. Mzee Manasseh yeye anadhani ilikuwa chini ya kitanda, kwa sababu hajawahi kuingia wala hakuambiwa zaidi. Drusilla anasema hakumweleza mtu mahali penyewe, na naamini, maana kuna jambo alilofanya huko analolionea aibu. Wewe peke yako umenitajia migomba."

"Migomba kila mtu anaiona."

"Anayepita nyuma anaiona. Chumba kile hakina dirisha. Aliye ndani hawezi kusema upande wa migomba. Hajui migomba iko wapi."

Fimbo iliteleza gotini kwa Obadiah, ikaanguka juu ya maua. Hakuna aliyeiokota.

"Boma lilikuwa tupu, Nyanchera bado hajarudi na mtoto," Angwenyi aliendelea, sauti yake chini kuliko mwanzo. "Nyumba ya Manasseh unaingia, yeye ni ndugu yako. Ufunguo uko msumarini. Kisha ukafika kwa Nyanchera. Mlango ulikuwa wazi, mzee. Ungesukuma tu kwa kidole, ukaacha mfuko chini ya godoro, na leo hii nisingekuwa hapa. Hakuna mtu angekuona."

"Siwezi," alisema Obadiah.

"Ila kuiba uliweza."

Mzee alisema kama mtu anayejieleza mbele ya korti yake mwenyewe.

"Kuiba ni kosa, mtu hutubu. Lile jingine ni mwiko. Miguu ingekauka." "Unaijua kesi ya Kemuma? Manasseh alitaka mjane aondoke. Alisema hivyo, mchana kweupe. Mimi ndiye niliyesimama. Nilizungumza mpaka koo likakauka, wazee wakageuka mmoja mmoja, yeye akageuka wa mwisho. Kisha kwa kuwa ni mwenyekiti, yeye ndiye aliyetangaza. Mawakili wakaandika jina la aliyetangaza."

"Sherehe ya Kisii ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nyuma kabisa, kwenye jua, na wazazi wa wanafunzi. Alisimama jukwaani akazungumza habari za haki mpaka wazungu wakafuta machozi. Nilingoja anitaje. Nikasema sasa atanitaja. Sasa. Akashuka. Yeye akapewa dhahabu, mimi nikapewa soda. Soda ya moto, mwana wa Nyaramba."

"Nyanchera alikukosea nini?"

"Hakunikosea." Hapo Obadiah aliinamisha kichwa. "Nilitaka watu wanong'one juu ya boma la Manasseh kidogo. Nilidhani watagombana, watasuluhishwa, basi. Sikujua ataita serikali. Niliposikia amepelekwa na mtoto, nikasema kesho nitakwenda nikaseme. Kila nikiamka nakumbuka ile picha yake ukutani, miguu inakataa."

"Inuka, baba. Leo itakubali."

*

Walipofika kwenye Landrover, Mzee Manasseh alikuwa amesimama kando yake. Drusilla alikuwa amekwisha kumwambia habari za paa. Wazee wawili walitazamana juu ya boneti.

"Ni wewe," alisema Manasseh.

"Ni mimi."

"Kwa ajili ya kipande cha chuma?"

"Kama ni kipande cha chuma, kwa nini hukunigawia hata jina? Neno moja tu, Manasseh. 'Obadiah naye alikuwepo.' Lingekupunguzia nini?"

Angwenyi alifungua mlango wa gari, lakini hakuwaharakisha.

"Nilikuwa nimelipanga," Manasseh alisema mwishowe. "Nilipopanda jukwaani jina lako lilikuwa mdomoni. Kisha wakaanza kupiga makofi."

"Kisha?"

"Yalikuwa matamu. Nikaona nikikutaja yatagawanyika."

Obadiah alitikisa kichwa, akapanda nyuma ya gari bila kusaidiwa. Manasseh alipanda mbele. Hawakusemezana tena mpaka Kisii.

Inspekta alisikiliza maelezo akiwa amesimama, mkono kiunoni. Alimfanya Angwenyi arudie habari za kizingiti.

"Yaani mtu anaiba dhahabu, anamsingizia mwanamke, lakini anaona haya kuingia chumbani kwake?"

"Ndiyo, afande."

"Ningekaa hapa miaka kumi nisingelijua hilo," alisema Inspekta, na katika sauti yake kulikuwa na kitu kilichokaribia kijicho. Alichana karatasi ya mashtaka. "Mwandike mzee. Mtoe yule mama."

Nyanchera alitolewa akiwa amembeba Kerubo mgongoni. Alisikiliza yote aliyoelezwa na sajini, macho yakiwa chini. Obadiah alikuwa kwenye benchi la mwisho, koti lake bado limefungwa vifungo vyote. Manasseh alikuwa amesimama mbali kidogo, kama ilivyompasa, hatua kadhaa kutoka kwa mke wa mwanawe.

"Basi yamekwisha, Mama Kerubo," alisema mzee. "Gari liko tayari. Twende nyumbani."

Nyanchera hakusogea.

"Twende, mwanangu. Giza litatukuta njiani."

"Tata," Nyanchera alisema, bado anatazama sakafu, "umekuja kwa sababu sajini amekwambia sikuiba."

"Ndiyo. Ameonyesha wazi."

"Nilikuwa hatua chache kutoka kwako siku ile. Nilikuwa nimembeba mtoto huyu huyu. Naibu wa chifu alikuuliza unasemaje, ukasema, 'Mchukueni.' Kemuma ulimkalisha chini ukamuuliza. Mimi sijaulizwa. Hata sasa sijaulizwa."

Inspekta, ambaye hakuelewa lugha, alimtazama Angwenyi ili afasiriwe. Angwenyi alimwashiria kwa kiganja angoje.

"Nitaketi hapa," Nyanchera aliendelea. "Nikirudi bila kuulizwa, nitarudi kama mtu aliyesamehewa. Mimi si mtu wa kusamehewa."

Alikaa kwenye benchi, akamzungusha mtoto mbele. Manasseh aliangalia mlango, akaangalia askari wawili waliokuwa wakijifanya hawasikii, akamwangalia Obadiah. Kisha akavua kofia yake. Alizungumza kwa sauti ile ya kortini, lakini ilimkatika katikati, ikambidi aanze upya.

"Nyanchera, binti wa watu wa Birongo. Sarafu iliibwa nyumbani kwangu. Uliichukua?"

Nyanchera aliinua uso kwa mara ya kwanza.

"Hapana, tata. Sikuichukua."

"Nimesikia," alisema mzee.

Nyanchera alikaa kidogo tena, kama mtu anayeacha neno lifike mwisho wake. Kisha akainuka, akamfunga Kerubo mgongoni vizuri, akatangulia kutoka.